Okidi ya msitu wa mvua inaogopaje maji?

Mpenda Maua, South B:
Hamjambo nyote. Nimenunua okidi aina ya Phalaenopsis kwa wauza maua wa hapa mjini. Jirani yangu ananishauri niipande kwenye udongo mweusi wenye samadi na niimwagilie kila siku, ilhali muuzaji alisisitiza kwamba nisubiri mpaka mizizi ibadilike rangi. Nikizingatia kwamba mimea hii hutoka katika misitu ya mvua ya Asia ya Kusini-Mashariki, sielewi ni vipi maji yaidhuru. Na kwa nini mizizi yake hutambaa nje ya chungu badala ya kuzama ndani?

Mwalimu wa Biolojia, Kasarani:
Muuzaji yuko sahihi. Tunaposikia "msitu wa mvua" tunafikiria ardhi iliyolowa, lakini okidi nyingi za huko hazigusi ardhi kabisa; huishi juu ya matawi, kwa sababu chini ya msitu mwanga ni haba mno. Sasa, tawi halina udongo wa kuhifadhi maji. Mvua ikikatika, upepo na jua hulikausha gome baada ya muda mfupi, hivyo mmea ulioko pale hukabiliwa na kiu mara kwa mara hata kama msitu mzima unachuruzika. Sehemu kubwa ya maumbile ya okidi hizi ni jibu kwa kiu hiyo.

Tazama mizizi. Imefunikwa kwa tabaka la seli zilizokufa liitwalo velameni, ambalo hufyonza maji kwa haraka sana mvua inapoanza, pamoja na madini machache yanayooshwa kutoka kwenye majani na magome ya juu. Likiwa kavu, tabaka hilo hujaa hewa na kuonekana jeupe kama fedha. Likilowa, huruhusu rangi ya kijani iliyo ndani ionekane, na badiliko uliloambiwa usubiri ni mizizi kutoka kijani na kurudi kuwa myeupe, yaani imekauka. Mizizi hiyo huhitaji hewa kati ya mvua moja na nyingine, kwa hiyo udongo mzito unaoshika maji muda wote huinyima hewa na kuiozesha. Inapotambaa nje ya chungu, inafanya tu kile ambacho ingefanya kwenye gome.

Majani nayo yana utaratibu wake. Phalaenopsis hufungua matundu ya majani yaitwayo stomata wakati wa usiku, ikavuta kaboni dioksaidi na kuihifadhi katika umbo la asidi, kisha mchana huyafunga na kuitumia akiba hiyo kwa usanisinuru, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Kwa njia hiyo haipotezi maji mengi juani. Kaktasi nyingi za jangwani hufanya vivyo hivyo.

Mzee wa Kitalu, Ngong Road:
Naongezea kwamba si lazima twende Asia kutafuta mifano. Ansellia africana ya misitu yetu ya Pwani ina vishina vinene vinavyoweka akiba ya maji, na baadhi ya mizizi yake huelekea juu kama sindano, ikinasa majani makavu yanayooza taratibu na kuwa mbolea. Microcoelia, okidi nyingine, imeachana na majani kabisa. Mizizi yake ya kijani ndiyo inayotengeneza chakula. Huo samadi wa jirani, mama, usiutumie. Tumia vipande vya magome, na katika baridi ya Julai punguza maji zaidi, maana mizizi hukauka polepole.

Mpenda Maua, South B:
Nashukuru, mwalimu, nawe mzee. Jirani bado anashikilia kwamba okidi hunyonya utomvu wa mti unaoibeba. Na je, nikipata tunda, ninaweza kuotesha mbegu?

Mwalimu wa Biolojia, Kasarani:
Hainyonyi, mti huipa mahali pa kushika tu. Kuhusu mbegu, jibu ni gumu kidogo. Tunda moja la baadhi ya okidi hubeba zaidi ya mbegu milioni moja, nyepesi kama vumbi ili upepo uzifikishe kwenye matawi ya mbali, lakini wepesi huo una gharama: mbegu haina akiba ya chakula. Katika msitu huota pale tu inapokutana na kuvu inayofaa, ambayo hupenya ndani yake na kuilisha, jambo lililogunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Ukizinyunyiza kwenye magome nyumbani, uwezekano wa kuota ni mdogo mno. Maabara huziotesha katika chupa safi zenye sukari na madini, na hata hapo utasubiri miaka kadhaa kabla ya kuona ua.

Mzee wa Kitalu, Ngong Road:
Ndiyo maana ninawasihi watu wasing'oe okidi za misituni ili kuziuza barabarani. Ukitaka nyingine, muulize muuzaji kama imeoteshwa kitaluni.