Naandaa watu 14 kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS, laptop moja na bando la wiki. Mnatumia nini?

mwalimu_wa_jioni
Habarini wakuu. Nafundisha Kiingereza jioni hapa Mwanza, darasa lina watu 14, wengi manesi wanaotaka kwenda kufanya kazi Uingereza. Wanatakiwa 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika, na hiyo 6.5 ndo inaninyima usingizi. Wodini wanaandika ripoti kila siku ila ukimpa insha ya maneno 250, dakika 40 zinaisha yuko aya ya pili.

Mwezi uliopita niliwaambia kila mtu akishaandika apitishe kwenye ChatGPT isahihishe. Wiki ya pili insha zote zikawa kama zimetoka kwa mtu mmoja, "furthermore" kila aya. Nikamwomba dada mmoja aandike mbele yangu kwa kalamu, akaandika sentensi tatu akaanza kulia. Iliniuma sana, maana dada wa watu hajazembea, mimi ndo nilimwelekeza huko. Sasa nifanyeje? Nina laptop moja, wao wana simu tu.

nesi_mhamaji
Pole mwalimu, na huyo dada mpe pole yangu, nilipita hapohapo. Mara ya kwanza writing nilipata 6 na kilichoniangusha ni kibodi. Nilijisomea miezi mitatu kwa daftari na simu halafu nikaenda kufanya mtihani kwa kompyuta, natafuta herufi moja moja huku saa inakimbia pale juu kwenye skrini, nikamaliza insha bila hitimisho.

Hiyo laptop moja fanya ni ya kuchapia tu, wapeane zamu. Fungua Notepad, zima kila kitu kinachosahihisha spelling, weka taima. Kwenye mtihani kompyuta inakuhesabia maneno lakini hakuna mstari mwekundu chini ya neno ulilokosea, na sisi tumezoea simu itumalizie maneno. Halafu wakumbushe kwenye kuandika swali la pili, lile la insha, lina uzito mara mbili ya la kwanza, mtu asitumie nusu saa kuelezea grafu ya swali la kwanza.

Na umeshawaambia kuhusu OET, ule mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya? Nayo inakubalika kwa manesi, unapewa maelezo ya mgonjwa unaandika barua, mara nyingi ya rufaa, kazi ambayo wanaijua. Ada yake ndo iko juu kuliko ya IELTS.

binti_mvita
Salaam mwalimu. Mimi niko Mombasa nafanya kazi kama yako. Kwa kusikiliza mimi napakua 6 Minute English ya BBC Learning English nikiwa kwenye wifi pamoja na maandishi yake, nawarushia kwa bluetooth, bando lao halipungui hata kidogo. Sharti langu ni moja, sauti inapigwa mara moja tu maana kwenye mtihani hakuna kurudisha nyuma, na hawa wanafunzi wetu kidole kiko kwenye kurudisha nyuma kila saa.

Kuongea tunatumia voice note za WhatsApp. Nampa mada, dakika moja ajiandae, dakika mbili aongee bila kukata. Kisha hanitumii mimi kwanza, aisikilize mwenyewe aandike neno kwa neno alichosema. Kuna kijana alikuwa kila mara anasema "my mother she told me", nimemsahihisha muhula mzima wapi, siku aliyoandika sauti yake mwenyewe akaihesabu mara saba kwenye dakika mbili. Tangu hapo anajikamata kabla hajaitamka.

kalamu_nyekundu
Naongezea kwenye usahihishaji. Cambridge wana kitu kinaitwa Write & Improve, ni bure, unabandika insha kinakwambia uko level gani na kinakuonesha sentensi zenye mashaka ila hakikuandikii upya, unarudi unahangaika nayo mwenyewe. Hapo ndo mtu anajifunza.

ChatGPT mimi sikatazi, ila tunaandika amri wote darasani: nioneshe makosa matatu tu, usiandike upya. Na ikikupa band, yaani alama ya IELTS, usiipe moyo wako, insha hiyohiyo nimeipitisha mara mbili ikanipa namba mbili tofauti.

Kingine kwa watu wa huko Kanda ya Ziwa, ile ya kuchanganya L na R: washa kuandika kwa sauti kwenye simu, weka Kiingereza, asome "road" na "load". Simu itaandika ilichosikia. Lafudhi si kosa, ila neno likigeuka kuwa neno lingine msahihishaji anapotea.

mwalimu_wa_jioni
Ahsanteni sana, kwa kweli nimefarijika. Jana nimeanza na zamu za Notepad, dakika 40 kila mtu. Yule dada amefikisha maneno 187, spelling zina makosa kibao ila hoja ni zake, nimesoma mpaka mwisho nikamsikia yeye kabisa humo ndani. Ameomba zamu nyingine Jumamosi. Ya OET nimewaambia, wawili wanaulizia ada.

@binti_mvita hizo voice note unazisikiliza zote mwenyewe au wanasikilizana wawili wawili? Watu 14 mara dakika mbili kila siku naona nitashindwa.

binti_mvita
Wawili wawili mwalimu. Mimi nachukua tatu tu kwa wiki, kwa zamu.