Nyumba ya Malindi, Unguja: Ndugu Wote (kundi la simu)

*Jumapili, saa 2:10 asubuhi*
Salma: Assalaam alaykum. Ukuta wa uani upande wa kisima unamomonyoka. Masika yaja. Naomba majibu leo.

*Saa 5:30*
Salma: Watu 23 wamesoma. Hata salamu hakuna?

Hamadi: Waalaykum salaam. Pigeni saruji yaishe.

Salma: Hiyo saruji ndiyo iliyotufikisha hapa. Mawe ya matumbawe yanavuta maji kutoka chini. Chokaa inayaachia maji yatoke, saruji inayafungia ndani, yanapanda mpaka vichwa vya boriti vinaoza. Na lipu yenyewe inabanduka vipande kama sahani.

Juma Muscat: Sahani za biriani? 😂

Salma: Juma, wewe tuma pesa.

Kaka Sele: Ukuta mita 4 kwa 3. Chokaa iliyoloweshwa ndoo 5, mchanga ndoo 15, za lita 20, za kuziba mashimo zimo humo. Mchanga wa pwani msilete, chumvi itachanua juu ya lipu. Saruji ya zamani bandueni kwa patasi na nyundo ndogo kuanzia juu. Nyundo kubwa inalegeza mawe. Mwagieni ukuta maji kwanza. Mkono mmoja wa lipu usizidi unene wa sentimita 1, ukaze siku kadhaa ndipo wa pili. Kisha magunia mabichi wiki nzima. Likipiga jua, zinatoka nyufa kama nywele.

Hamadi: Na ile boriti ya ngazini?

Kaka Sele: Itiliwe nguzo kabla hamjagusa ukuta. Jumba la Beit al-Ajaib, hapo Mji Mkongwe, lilianguka sehemu Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo.

Zainab: Kabla ya chokaa, mlango wa mbele ulikwenda wapi? Kila mwaka nauliza.

Juma Muscat: 🍿

Hamadi: Zainab, si hapa.

Salma: Tafadhalini. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe nani anaandika barua?

*Saa 10:05 jioni*
Bi Mkubwa: Mlango niliuza mimi. Mwaka mnaujua. Salma, endelea na chokaa.

*Saa 3:40 usiku*
Zainab: Niwie radhi Bi.

Juma Muscat: Mchanga juu yangu. Wote.

Salma: Ahsante. Chokaa bado. Nguzo bado. Barua je? Hamadi?

*Jumatatu, saa 1:15 asubuhi*
Mwanakombo: Ndiyo kwanza naona. Ukuta upi?