Naomba ushauri: visukuku vya ndege au wanyamapori walio hai?
Ndugu zangu, ninakaribia kuhitimu shahada ya zoolojia na nimefika njia panda. Mifupa ya ndege ni myembamba na mingi ina uwazi ndani, hivyo huvunjika kwa urahisi kabla haijageuka kisukuku. Ndiyo maana Archaeopteryx, ndege wa kale sana aliyetambuliwa Ujerumani mwaka 1861 na ambaye alikuwa na manyoya pamoja na meno, hunisisimua mno. Juzi nililinganisha kipande cha mfupa wa bawa, kifupi kuliko kidole changu, na mifupa ya ndege wa leo kwa saa nne bila kuchoka. Je, niendelee moja kwa moja na shahada ya uzamili, au nianze na kazi ya kuhesabu ndege porini, ambayo nadhani hutoa ajira mapema zaidi? Mliopitia njia hii, tafadhali nielekezeni.