Nilipona sonona, sasa nataka kufundisha yoga na kutetea afya ya akili. Nianzie wapi?

Pumzi_Ndefu

Salamu kwenu nyote. Nina miaka 34, mhasibu kwa miaka tisa sasa. Miaka minne iliyopita niliugua sonona hadi nikawa nashindwa kuchana nywele zangu mwenyewe. Dawa na mshauri nasaha ndivyo vilivyoninyanyua. Yoga ilikuja baadaye, na imenisaidia kubaki nimesimama: mwalimu wangu alinifundisha kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, na hadi leo nikiamka saa tisa usiku moyo ukienda mbio, naanza na hiyo.

Siku hizi natoa ushuhuda wangu kazini na kwenye mikutano ya wazazi. Kila nikimaliza, kuna mtu ananivuta pembeni anieleze yake. Nimeona nataka kuishi kwa kazi hii, utetezi na ualimu wa yoga na kutafakari kwa pamoja.

Nisome nini kwanza, ualimu wa yoga au ushauri nasaha? Je, darasani niwaambie wanafunzi kwamba niliugua? Na jambo moja limenikaa vibaya: kwenye semina mkufunzi alituambia mwalimu mzuri huwatoa watu kwenye dawa. Mimi bado natumia dawa. Nilirudi nyumbani nikijiona sifai.

Mkeka_wa_Alfajiri

Dada, pole kwa uliyopitia. Nafundisha mwaka wa 11 sasa, na nianze na hilo la dawa maana limenichoma. Mkufunzi yule alikosea, tena kosa la hatari. Dawa anaipunguza daktari aliyeiandika, basi. Mtu akiiacha ghafla kwa sababu mwalimu wa yoga amemwambia yuko sawa, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu zaidi, na mwalimu hatakuwepo usiku huo. Wewe unayekunywa dawa zako na kupanda mkekani unafaa sana.

Kuhusu masomo. Cheti cha kuanzia ambacho wengi wanakitambua ni cha saa 200, kwa kiwango cha Yoga Alliance, shirika la Marekani lililoanza mwaka 1999. Elewa kwamba hilo ni daftari la usajili, si leseni ya kutibu. Ndani ya saa 200 utasoma mikao, anatomia, falsafa na namna ya kufundisha. Magonjwa ya akili mara nyingi yanapitiwa juujuu. Tiba ya yoga ni ngazi nyingine: chama cha kimataifa cha watibabu wa yoga, IAYT, kinadai mafunzo yasiyopungua saa 800. Upande wa kutafakari kuna programu ya wiki nane aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika chuo cha tiba cha Massachusetts, na walimu wake wana mafunzo yao. Ushauri nasaha ni taaluma kamili, na ukitaka kuketi na mtu mlango ukiwa umefungwa mkachambua maisha yake, usome huo. Lakini kama unataka mkeka na jukwaa, anza na saa 200, kisha ongeza mafunzo ya yoga kwa watu wenye kiwewe. Haya usiyaruke.

Nakwambia kwa nini. Mwaka wangu wa tatu, mwisho wa darasa, watu wamelala mkao wa maiti. Nilizima taa, nikafunga mlango polepole, nikaanza kupita nikiwabonyeza mabega kama nilivyofundishwa. Kulikuwa na mwanamke mmoja, mtulivu siku zote. Nilipomkaribia niliona vidole vya miguu vimejikunja vikang'ang'ania mkeka. Macho wazi, anatazama kitasa. Nilipomgusa aliruka. Hakurudi kwa miezi miwili, na aliporudi alisema maneno matatu tu: "Mwalimu, ulifunga mlango."

Sikuwa na ubaya wowote moyoni. Ndipo nikaenda kusoma kazi ya David Emerson, aliyeitengeneza yoga ya namna hiyo kwenye kituo cha kiwewe alichokuwa akifanya kazi na daktari Bessel van der Kolk. Mwaka 2014 walichapisha utafiti wa wanawake 64 wenye kiwewe sugu: baada ya wiki 10, nusu na kidogo ya waliofanya yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa, dhidi ya asilimia 21 ya kundi la pili ambalo halikufanya yoga. Angalia vizuri lakini, yoga iliongezwa juu ya matibabu. Haikuchukua nafasi yake.

Sasa mlango wangu unabaki wazi kidogo na taa moja inawaka. Simgusi mtu bila kuuliza. Na nasema, "Ukipenda funga macho, au tazama sakafu mbele yako." Mwanamke yule bado anakuja. Huweka mkeka wake karibu na mlango na mimi humwachia nafasi ile.

Kuhusu kusimulia: jukwaani simulia yote uliyoyaridhia. Darasani sentensi moja inatosha. Mwanafunzi aliyekuja kupumua akisikia habari nzito ya mwalimu wake, anaanza kukuhurumia na kuacha kujisikiliza. Na simulia ya kwako tu. Mimi nilianza utetezi kwa sababu ya kaka yangu, nikawa nasimulia kuugua kwake kila mahali. Siku moja alikuja kunisikiliza, akakaa nyuma kabisa. Jioni akaniambia, "Ile habari ni yangu." Nililia. Toka siku hiyo, kama anataka isemwe, anaisema mwenyewe.

Riziki: usiache uhasibu mwaka huu. Madarasa ya jioni hayajazi mfuko haraka. Kinachonilipa kwa uhakika ni mikataba na sehemu za kazi na shule, na wewe unayejua lugha ya mahesabu utaongea nao vizuri kuliko nilivyoongea mimi.

Zamu_ya_Usiku

Mimi ni muuguzi wa wodi ya akili, nikazie machache. Mtu anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, asiingie kwenye yoga ya chumba chenye joto bila kuzungumza na daktari wake. Akitoka jasho jingi maji yakapungua mwilini, kiwango cha dawa kwenye damu hupanda. Pumzi za kasi na kukesha vinaweza kumsukuma mwenye bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hadi kwenye msisimko uliopitiliza. Kutafakari nako si salama kwa kila mtu: mwaka 2017 Jared Lindahl, Willoughby Britton na wenzao walichapisha simulizi za watafakari waliopatwa na hofu, kukosa usingizi, hata kujihisi wametengana na miili yao. Mwenye kiwewe anza naye kwa dakika tatu, macho wazi, miguu ikigusa sakafu.

Kabla ya darasa lako la kwanza, andika majina ya wataalamu utakaowapa watu rufaa. Tafuta pia mafunzo ya huduma ya kwanza ya afya ya akili, yale yaliyoanzia Australia mwaka 2000 kwa Betty Kitchener na Anthony Jorm. Hao wanaokuvuta pembeni, siku moja mmoja atakuambia amechoka kuishi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kisha usimwache peke yake hadi ampate wa kumsaidia.

Ndugu_wa_Nyuma

Naishi na bipola, ni mwanafunzi tu. Ombi langu moja, dada: usiulize mbele ya darasa "nani ana tatizo la kiafya?" Sitainua mkono, na hakuna atakayeinua. Mwalimu wangu hutoa karatasi kabla, na chini ameandika: "Unaweza kuacha wazi." Mara ya kwanza niliacha wazi. Mara ya nne nilijaza.

Pumzi_Ndefu

Nimesoma mara mbili, nashukuruni sana. Nitajiandikisha saa 200 za wikendi na kazi sitaiacha. Mkeka, swali la mwisho: mtu akianza kulia katikati ya darasa, unafanya nini?

Mkeka_wa_Alfajiri

Naendelea kufundisha kwa sauti ileile, ili asiwe tamasha. Nasema kwa wote kwamba kupumzika kunaruhusiwa wakati wowote. Naweka kitambaa karibu na mkeka wake bila kumgusa. Darasa likiisha nabaki nakunja mikeka taratibu, na mara nyingi naye anabaki akinisaidia kukunja.