Tupeane uzoefu: kuingia mapango ya baharini kwa kayaki ukiwa na mwongozaji

Mtoto wa Nahodha (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Juni nilikuwa Algarve, kusini mwa Ureno, nikaingia kwa kayaki kwenye pango la Benagil. Nilichokiona mlangoni mwa pango lile sijakisahau mpaka leo. Kama nawe umewahi kupiga kasia mapangoni, nchi yoyote ile, njoo utusimulie: nani alikuongoza, maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa, kipi kilikushtua. Picha tumeziona nyingi, tunataka yaliyotokea.

Naanza. Mimi ni wa Pangani, baba alikuwa nahodha wa ngalawa, kwa hiyo bahari nimekua nayo. Ufukwe wa Benagil ni mdogo na pango liko jirani kabisa: unatoka, unakata kushoto, mita kama 200 umefika. Nikataka kukodi kayaki niende mwenyewe. Wakakataa. Tangu 2024 sheria za pale zimekaza: kayaki ya kukodi haitoki bila mwongozaji, kuogelea hadi pangoni marufuku, na hata ukishaingia hushuki kwenye ule mchanga wa ndani. Nilinuna kweli, nikaona nafanywa mtoto.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mpole. Kabla ya kutoka alitunyooshea kidole kwenye bendera ya ufukweni, akasema *bandeira*, leo ya kijani, tunaweza kwenda. Nikasisimka kusikia neno letu likiwa bado kwa wenyewe waliotuachia.

Tulipofika mlangoni hakuingia. Alisimamisha kayaki zote nne nje kidogo, omo, yaani pua zake, zikiangalia baharini, akanyamaza. Bahari ilikuwa imelala, hakuna upepo, mimi nawaza tunapotezewa muda. Dakika zikapita. Halafu tukanyanyuliwa. Wimbi pana lisilo na povu lilitupita chini taratibu, likaingia pangoni, na pango likanguruma kama ngoma kubwa iliyopigwa mara moja. Likafuata la pili, kubwa zaidi. La tatu likapanda ukuta wa ndani mpaka juu ya kichwa cha mtu. Baada ya hapo, kimya tena, maji yakalala. Ndipo akasema, "Sasa."

Ndani kuna uwazi mkubwa darini, na jua linashuka kwa hapo kama linavyopenya paa la makuti lililotoboka, linatua mchangani. Kuta ni za manjano, tabaka juu ya tabaka. Lakini mimi nilikuwa namuwaza baba. Kwenye mlango wa mto Pangani, pale fungu linapovunja mawimbi, alikuwa akikaa nje hivyohivyo, tanga limelegezwa, anasubiri. Sisi watoto tulimhimiza aingie, hakutujibu. Nimemwelewa nikiwa na miaka 38, katika maji ya watu.

Bint Makunduchi

Ahsante kwa uzi, kaka. Hilo pango wenyewe wanaliita Algar de Benagil. *Algar* ni neno la Kiarabu, *ghar*, yaani pango, ileile ya Ghar Hira tuliyosoma chuoni. Na Algarve ni *al-gharb*, yaani magharibi yetu hii hii. Nilipojua hivyo nilijiona si mgeni sana kule.

Ila safari yangu haikuwa kama yako. Nilikwenda 2022, kabla ya hizo sheria. Kampuni siitaji. Tulikuwa watu 16, mwongozaji mmoja, tukatoka saa nane mchana. Ndani ya pango mlikuwa na waogeleaji, boti za injini, watu wanaopiga kasia wamesimama juu ya mbao, wote kwenye nafasi moja. Mwanamke mmoja wa kundi letu alisukumwa ukutani akajizuia kwa kiganja. Mwamba ule umejaa viumbe vya magamba vyenye makali, mkono ukachanika. Mwongozaji alikuwa mbele huko hajui lolote. Kurudi tukakuta upepo wa mchana umeinuka, nusu yetu makasia yametushinda, na yeye ni mmoja. Nililia, sisemi uongo. Kwa hiyo wewe uliyenuna kwa kukatazwa, mimi nazishukuru sheria hizo. Zingewahi miaka miwili tu.

Mkivu wa San Diego

Miye nimekulia Goma, ukingoni mwa ziwa Kivu. Ziwani kwetu maji hayajai wala hayakupwi, kwa hiyo bahari nimejifunza ukubwani, hapa California. Kuna mapango 7 chini ya majabali ya La Jolla. Moja, wanaloliita Sunny Jim, linafikika hata kwa miguu: kuna njia iliyochimbwa ndani ya jabali mwanzoni mwa karne iliyopita, ngazi 145, inaanzia dukani. Mama mkwe alishuka kwa ngazi, sisi tukapita majini.

Watu huogopa pango. Mimi nawaambia, kule La Jolla kazi iko ufukweni. Unatokea La Jolla Shores na lazima uyavuke mawimbi yanayovunjika. Kwenda tulivuka vizuri: elekeza omo moja kwa moja kwa wimbi, usiache kupiga kasia. Njiani tukaona samaki wa rangi ya chungwa waking'aa chini yetu, wanaitwa garibaldi, wamelindwa na sheria ya jimbo, na simba wa baharini wamelala juu ya miamba wakipiga kelele kama sokoni. Wakati wa kiangazi papa wadogo wenye madoa huja kujikusanya kwenye maji ya kina kifupi, hawadhuru mtu. Pangoni tuliingia kayaki mbili mbili, mwongozaji ametushika kwa kamba, tukatoka salama.

Kurudi ndipo tulipopinduka. Wimbi lilitushika kwenye tezi, yaani nyuma ya kayaki, likatugeuza ubavu, mimi na shemeji tukamwagwa. Mwongozaji alikuwa ametufundisha mchangani, mara mbili, jambo ambalo nililiona dogo: ukianguka, kaa upande wa bahari, usikae kati ya kayaki na nchi kavu. Nilikumbuka nikiwa chini ya maji. Wimbi lililofuata liliibeba kayaki ile, nzito, iliyokuwa imetubeba wawili muda mfupi kabla, ikapita kwa nguvu pale ambapo magoti yangu yangekuwa. Shemeji alipata mchubuko tu.

Wakili wa Kilifi

Mimi yangu ni ya Phang Nga, Thailand, karibu na Phuket. Kule ni tofauti, wewe hupigi kasia kabisa. Mnapanda mitumbwi ya mpira ya kujazwa upepo, abiria wawili na mwongozaji mmoja nyuma, mnaingia chini ya visiwa vya chokaa vilivyosimama wima baharini. Ndani ya kisiwa, baada ya njia ya giza, kuna uwanja wa maji uliozungukwa na kuta pande zote na juu ni mbingu. Pango lililoanguka dari. Wanaliita *hong*, maana yake chumba.

Mlango wa chumba hicho unafunguliwa na maji. Yakijaa sana umezama, yakikupwa sana ni matope. Tulipewa muda wa kama nusu saa. Tulipokuwa tunaingia giza lilikuwa zito, harufu ya popo, na mwongozaji akatuambia tulale chali, pua juu. Mwamba ulipita shubiri moja juu ya uso wangu, umejaa chaza wenye makali. Mke wangu alinishika mguu akasoma kila dua anayoijua.

Mle ndani kuna mikoko, na tulinyamaza wote bila kuambiwa. Nimezaliwa karibu na mikoko ya Mida, nimeiona maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuiona imefungiwa chumbani na kuta za mita nyingi kiasi kile.

Kwenye kutoka, kundi moja la nyuma yetu lilitaka kubaki lipige picha zaidi. Mwongozaji wao, mzee mwembamba, hakubishana nao. Aliwaonyesha ukutani alama ya unyevu iliyokuwa imeshafunikwa. Sisi tulipopita, mwongozaji wetu alifungua vali akapunguza upepo kidogo ili mtumbwi ushuke tupite chini ya chaza. Hiyo ni tofauti ya dakika 20 tu tangu tulipoingia.

Kijana wa Tandale

Sasa wakuu, hapa kwetu hakuna? Mpaka niombe viza?

Bint Makunduchi

Mangapwani, Shimoni na Amboni ni mapango ya kuingia kwa miguu, mdogo wangu, si ya kayaki. Na Shimoni usiende ukitafuta burudani, walifungiwa watumwa mle. Kwa kasia nenda Mida Creek, Watamu, ukatize mikoko na wenyeji. Si pango, lakini ndipo pa kujifunzia.

Mswahili wa Wales

Nimesoma uzi wote. Mimi ni mwongozaji msaidizi, mwaka wa nne sasa, pwani ya Pembrokeshire. Nataka kumwongezea Mtoto wa Nahodha kuhusu yale mawimbi, kwa sababu hilo ndilo swali ninaloulizwa kila siku: "Mbona hakuna upepo?"

Mawimbi yale hayakuzaliwa pale. Yamezaliwa na dhoruba mbali huko Atlantiki, yamesafiri siku kadhaa, na yanafika siku ambayo hata jani halitikisiki. Huja kwa mafungu, matatu, matano, halafu bahari inapumzika, halafu tena. Mtu anayefika wakati wa mapumziko anaona maji mafu akaingia. Na pangoni wimbi halina pa kutawanyikia. Kuta zinalibana, chini panapanda, kwa hiyo linakua. Kama nyuma ya pango hakuna tundu, hewa inabanwa na wimbi likija kisha inalisukuma nje kwa kishindo. Hivyo wimbi la nusu mita nje linaweza kuwa jambo jingine kabisa ndani.

Kwenye utabiri, usitazame urefu wa wimbi peke yake. Tazama na sekunde kati ya wimbi na wimbi. Nusu mita ya sekunde 5 ni viwimbi. Nusu mita ya sekunde 14 mimi siwaingizi wageni pangoni, hata wakinilalamikia, na wananilalamikia sana.

Jambo jingine. Huku kwetu kuanzia Agosti hadi Novemba sili wa kijivu huzaa, na wengine huzalia ndani ya mapango. Mtoto akishtuliwa huachana na mama yake. Miezi hiyo tunapita mbali, pango linabaki la wenyewe. Wageni wamelipa, wamesafiri, na nawaambia hapana. Nalipenda sana hilo hapana.

Mama Zawadi Lisbon

Kaka wa Wales, naomba unisaidie. Mama yangu amekuja kutoka Bagamoyo, ana miaka 61, hajui kuogelea, na ameliona pango la Benagil kwenye simu yangu, hataki kusikia kingine. Nimpeleke?

Mswahili wa Wales

Shikamoo yake kwanza. Anaweza, dada. Jaketi la kuokolea limbane vizuri: mvute mabegani akiwa amelivaa, likimpanda masikioni ni kubwa. Aketi mbele kwenye kayaki ya watu wawili, mwongozaji nyuma yake, si wewe. Nendeni asubuhi kabla ya upepo. Na ukipiga simu uliza waongozaji wangapi, maana mama akisema haingii, mmoja abaki naye nje na mwingine aendelee na kundi. Wakikujibu "mmoja anatosha", tafuta wengine.

Mama Zawadi Lisbon

Tumerudi jana wapendwa. Wa tatu niliowapigia ndio waliokubali kutoa wawili. Mama alikaa mbele, kanga juu ya suti ya mpira, alikataa kuivua. Mlangoni tukasimamishwa, akageuka kuuliza kwa nini hatuingii. Nikamwambia mwongozaji anahesabu mawimbi. Mama hajui Kireno hata neno, lakini akaanza kuhesabu naye kwa sauti, moja, mbili, tatu, na yule kijana akawa anamsubiri amalize.