Nimetukanwa kwa ajili ya buti, na mtukanaji mnamjua nyote

Jamani, mie bado natetemeka. Simtaji, haina haja. Kila aliyekwenda Darajani kutafuta kiatu anamjua: mabuti kayaning'iniza mlangoni kama pweza, na yeye kakaa chini ya feni.

Nimenunua kwake kwa 80,000. "Ngozi tupu hiyo, utawarithisha wanao." Siku ya nne, pale panapokunjika vidoleni, pamepiga mstari, mstari ukabanduka kama rangi ya mlango wa pwani. Chini yake kitambaa cheupe. Ng'ombe gani ana kitambaa ndani?

Leo nimerudi nalo kwa adabu, salamu zote. Kalishika kwa vidole viwili, kawageukia watu, kasema: "Ngozi lazima ikunjane. Hata mamaako ana makunyanzi, mbona hujamrejesha?"

Mamaangu! Watu wamecheka mpaka Mlandege wamesikia. Muuza urojo kaweka upawa chini ili acheke vizuri.

Kwani mie sijui kama ngozi hukunjana? Mabuti ya marehemu babu yana mikunjo tele, myembamba kama ya mgongo wa mkono, na hakuna uliochanika hata mmoja. Hili langu si makunyanzi, ni gamba. Ati hujamrejesha! Mamaangu ana miaka 67 na hajabanduka popote!

Mtu wa Wete: Pole yakhe. Suali moja tu: kwani hana?

Mwenye uzi: Hana nini?

Mtu wa Wete: Makunyanzi.

Fundi Sindano: Hicho ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Ngozi ukiibonyeza kwa kidole gumba hufanya vikunjo vidogo vidogo kuzunguka kidole, ukiachia vinaondoka. Tazama na ukingo uliokatwa, utaona nyuzinyuzi. Na hata ngozi ya kweli, ikitoka tumboni mwa ng'ombe huwa legevu, mikunjo yake minene. Ulivaa namba ngapi?

Mwenye uzi: Mie 41. Alikuwa na 43 tu, akanambia nitie gazeti.

Fundi Sindano: Lo. Kiatu kikikuzidi kinakunjana kupita kiasi hata kingekuwa cha ngozi ya kifaru.

Kaskazi: Buti, Unguja, na jua hili? Wewe ndo wa kurejeshwa.

Bwana Harusi: Afadhali yako. Mie makubadhi yangu ngozi kweli, lakini soli kaipachika kwa gundi tu. Mvua ya dakika tano, nimeingia ukweni kiatu kimefungua mdomo kama chewa.

Kaskazi: Ukweni wapi?

Bwana Harusi: Chake Chake, Pemba.

Kaskazi: Ulipanda boti? Basi wachukuzi wa bandarini ndo wa kufunguliwa uzi. Begi moja 5,000!

Mtu wa Wete: 5,000? Mie 10,000, na embe zangu mbili hazikufika.

Mwenye uzi: Jamani, na mamaangu?

Bwana Harusi: Mtu wa Wete, huyo alokubebea alikuwa na kofia nyekundu?