MREJESHO: Nywila ya waleti ya Bitcoin niliyoisahau

Wakuu, nimerudi. Niliomba msaada hapa: faili langu la wallet.dat (linalotunza funguo za Bitcoin zangu) la mwaka 2017 lina nywila, na nywila yenyewe nimeisahau kabisa. Asanteni sana. Aliyenielekeza BTCRecover, programu inayojaribu michanganyiko mingi ya nywila, Mungu ambariki, ndiyo iliyonitoa. Nilinakili faili kwanza, nikazima intaneti, nikaorodhesha vipande nilivyokumbuka: jina la mbuzi wa bibi, mwaka, alama ya mshangao. Siku ya tatu ikafunguka. Kumbe herufi kubwa niliiweka katikati, si mwanzoni!

Waleti ya pili, ya programu nyingine iitwayo Electrum, imegoma mpaka leo, na yale maneno 12 ya kuirejesha sikuyaandika popote. Uzembe wangu. Mlionifuata pembeni mkitaka niwatumie faili "mnisaidie", samahani, sikutuma.